Shanga za Mama na Vyuma vya Nyaluak

Karibu na soko la Kakuma,
Kaunti ya Turkana.
Jumapili, 8 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Christine,

Ejok-noi! Nakuamkia kwa salamu ya nyumbani kwanza, maana huko Voi najua hupati wa kukuitikia. U hali gani na huo mzigo wako wa miezi saba? Miguu bado inavimba jioni? Shemeji Mwakio anakukanda, au anajidai amechoka kuliko wewe? Mwambie nimeuliza mimi, na ninangoja jibu. Na mwanao, bwana mdogo Cornelius, ameshaacha kukohoa?

Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu. Joto ni lile lile la kukaanga yai juu ya bati, na vumbi linatutembelea kila mchana bila kualikwa. Mume wangu Cheruiyot bado anafundisha, mimi bado nashona sare za shule, watoto wanakula utadhani wana matumbo mawili. Hatuna la kulalamikia.

Umeshangaa kupata barua wakati simu ipo. Mwalimu Barasa amehamishiwa huko Taita, nikaona nisimwache aje mikono mitupu. Tena kuna mambo nataka yakufikie kabla kaka Erupe hajayasoma kwenye lile kundi letu la simu na kuyajibu kwa herufi kubwa. Ile Jumatatu ya Aprili ulipata ujumbe kwamba Baba ametutoka, na kesho yake kabla hujamaliza kulia ukapata mwingine kwamba yuko Kaikor anakunywa chai. Kila nikikupigia nikueleze, mtandao unakatika penye utamu. Leo kalamu haina mtandao, kaa vizuri.

Turudi nyuma kidogo. Unakumbuka Agosti mwaka jana Mama alivyoteleza kwenye kokoto kule Kaaleng akitoka kuchota maji, akavunjika mkono wa kushoto. Kuanguka kwenyewe kulikuwa kudogo, hata mtoto angeinuka akacheka. Kilichotutia hofu ni mfupa kuvunjika kirahisi vile. Daktari wa Lodwar alimweleza Erupe kwamba wanawake wakishafika umri wa Mama mifupa hupungua ndani kwa ndani, sawa na mti wa nyumba ulioliwa na mchwa. Ukiutazama ni mzima, ukiuegemea unakatika.

Basi kaka yetu akaitisha kikao, nusu yetu tukiwa kwenye simu, akapitisha uamuzi. Mama asirudi tena Kaaleng. Akae Lodwar kwenye chumba cha nyuma ya nyumba yake, na baada ya Pasaka mbuzi wake wote wauzwe, boma lifungwe. Wewe ulikubali kwa sababu ulimwogopea, wala sikulaumu. Baba alikuwa kwa ngamia zake Kaikor, akasema watoto wamesoma, wanajua. Mimi peke yangu nilikataa, na unajua sauti moja katika kikao cha Erupe ina uzito gani.

Mama hakubishana. Alikaa kwa Erupe wiki kadhaa akawa anapungua kila nikimwona. Wifi Sylvia ni mtu mwema, lakini wema wake ulikuwa wa kumkataza hata kuosha kikombe. Mwanamke aliyejenga nyumba zake zote kwa mikono yake, tangu nguzo mpaka paa, anaambiwa aache kikombe, msichana wa kazi ataosha! Siku moja akaniambia, bila hasira, kwamba mwanamke asiye na mbuzi wala nyumba aliyoijenga mwenyewe ni mgeni tu hata kwa mwanawe. Nililia kwenye simu, Christine. Kesho yake nikaenda kumchukua. Erupe akasema sawa, akae Kakuma mkono upone, lakini Pasaka ni Pasaka.

Sasa nikujulishe kwa Nyaluak. Ni msichana wa Kinuer, wa Sudan Kusini, kutoka kambi ya wakimbizi, mrefu wa kugusa fremu ya mlango, na sauti yake ni ya mtu anayenadi mbuzi. Alikuja kwangu Novemba na kitambaa, anataka nimshonee suruali pana ambazo mama mtu mzima anaweza kuchuchumaa nazo bila kuwaonyesha jirani siri zake. Wakati napima, niliinuka kutoka kwenye cherehani nimeshika kiuno kama kawaida yangu, akaniangalia juu mpaka chini.

"Mama, wewe nasimama kama kiti imevunjika," akasema. "Kuja kwangu asubuhi. Mimi nakutengeneza."

Niliudhika, nikampandishia bei ya kushona. Asubuhi nilikuwa kwake.

Hapo kwake ni kibanda cha mabati tu, cha mazoezi ya kuinua vyuma. Kuna ekseli ya lori lililokufa, ringi za magari, makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba, na jerikeni zilizojaa mchanga. Asubuhi ni ya wanawake peke yao, mwanamume akichungulia anarushiwa ndala. Utakuta Msomali na baibui lake, Mkongo anayeimba tangu kuingia mpaka kutoka, Wasudani, na sisi wenyeji tunaojifanya tumekuja kutazama.

Nilimwuliza swali ambalo najua hata wewe unaliuliza sasa hivi. Sisi tumebeba maji na kuni tangu tulipojua kutembea, tunafuata nini kwenye vyuma? Nyaluak alicheka mpaka akashika ukuta. "Ile ni kazi," akasema. "Kazi nakula wewe. Hapa, wewe nakula chuma!"

Nimekuja kuelewa maana yake kwa mwili wangu mwenyewe. Maji hayakuulizi kama umelala vizuri, wala kama goti linauma. Unabeba uzito ule ule, upande ule ule, miaka nenda miaka rudi, na hakuna anayekufundisha kuinama. Kwa Nyaluak unaanza na kidogo, unafundishwa kuinuka kwa mapaja na makalio badala ya kuuvunja mgongo, unaongeza uzito mwili ukishakubali, halafu unapumzika siku nzima na kula. Ndiyo, kula. Anatuuliza kama tumekunywa maziwa, kama tumekula maharage au samaki, na ukimdanganya anakujua kwa mikono inavyotetemeka.

Mama alikuja mara ya kwanza kunicheka. Alikaa kwenye kigoda chake pembeni na kuwasimulia wale wanawake nilivyokuwa mvivu utotoni. Akaja tena. Siku moja akainuka, akauliza na yeye anainua nini. Sikukubali mpaka tulipopitia kwa nesi Jerotich pale kliniki. Jerotich alimpima presha, akauminya ule mkono, akasema umeunga vizuri, aanze na vitu vyepesi kabisa na asishindane na mtu. Akamweleza Mama kwamba mfupa ukiwekewa mzigo kidogo kidogo unajijenga, na ukiachwa bure unakonda. Mama akasema hilo analijua tangu zamani, hata punda ni hivyo hivyo.

Ungemwona siku ya kwanza! Aliambiwa akae kwenye kiti na kuinuka bila kushika kitu, tena na tena. Alikasirika. "Nimetoka Kaaleng kuja kufundishwa kukaa?" Lakini kuinuka kulimshinda, Christine, mapaja yalitetemeka na akarudi kitini kama gunia. Nilidhani ndio mwisho, kumbe alikuwa amepandwa na mori. Asubuhi nilipoamka nilimkuta jikoni anakaa na kuinuka, anakaa na kuinuka, chai inafurika jikoni na hana habari.

Haba na haba hujaza kibaba. Kufikia Krismasi alikuwa anainuka kutoka chini bila kutafuta ukuta. Januari akawa anainua jerikeni ya mchanga. Usingizi ukarudi, yeye ambaye alikuwa akikesha akihesabu shida. Akaanza kutembea kichwa juu, bila ile namna ya kuipapasa ardhi kwa mguu kabla ya kukanyaga. Jerotich alifurahi kuliko sisi, maana alisema kinachowamaliza wakongwe mara nyingi ni kuanguka, na dawa ya kuanguka ni miguu yenye nguvu.

Na mimi je? Aisifuye mvua imemnyea. Kiuno kilichonitesa miaka mitano sasa nakikumbuka tu nikikutana na wanaoumwa. Nashona tangu asubuhi mpaka jioni na nasimama wima. Hasira zimepungua, usiniamini mimi, muulize Cheruiyot. Wale wanaume wa kibanda cha chai cha hapa jirani walisema nitaota ndevu na misuli ya mbeba magunia. Nimezingoja ndevu mpaka leo, hazijafika. Nimekuwa na mwili ule ule, ila sasa ni wangu. Ninaubeba mtungi wa gesi mwenyewe mbele ya kibanda chao na kuwasalimia mmoja mmoja kwa jina.

Sasa tunafika penyewe. Shanga za Mama unazijua, zile zinazopanda kutoka mabegani mpaka chini ya kidevu, zimekolea mafuta ya miaka yote. Na unajua sisi kwetu mke wa mtu hazivui hivi hivi. Akionekana njiani shingo tupu, watu hawaulizi kitu, wanajua mumewe amekufa.

Miezi yote Mama alifanya mazoezi na shanga zake, kwa sababu alikuwa akiinua vya mikononi tu. Lakini Jumatatu ile baada ya Jumapili ya Matawi, Nyaluak alisema Mama yuko tayari kuweka chuma mabegani na kuchuchumaa nacho. Chuma kikakataa kukaa, kinateleza juu ya shanga. "Mama, toa hiyo. Baadaye narudisha," Nyaluak akasema. Yeye atajuaje mambo yetu, na siku hiyo wenyeji wengine hawakuwapo? Na Mama, kwa hamu aliyokuwa nayo ya kile chuma, akazifungua moja moja akaziweka kwenye karai. Akachuchumaa na kilo thelathini mabegani, akainuka. Wanawake wote wakapiga makofi. Kuzivaa tena kunataka mafuta na mtu wa kusaidia, akaona ataningoja mimi. Akazitia kikapuni, akashika njia ya nyumbani kupita katikati ya soko, shingo tupu, anacheka peke yake kwa furaha. Alikuwa amesahau kabisa.

Mimi siku hiyo nilikuwa Lokichoggio kupeleka sare, nimelala huko, na simu imekwisha chaji.

Jirani yetu Akaale, yule muuza sabuni, ndiye aliyemwona kwanza. Aliziacha sabuni zake hapo hapo juani akamkimbilia, akamkumbatia na kupiga yowe. "Ebenyo! Ebenyo ametuacha!" Sasa sikia. Mama aliposikia jina la mumewe linaliliwa, alidhani Akaale amepata habari kutoka Kaikor ambayo yeye bado hajafikiwa nayo. Akaketi chini akaanza kulia. Akaale alipoona mjane mwenyewe analia hivyo, akaongeza sauti. Kila aliyefika alimkuta Mama shingo tupu na machozi, basi hakuna aliyeuliza. Mama analia kwa sababu wao wanalia, na wao wanalia kwa sababu yeye amevua shanga! Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, lakini hili lilikuja bila kusemwa na mtu.

Jioni ile ile habari ilifika Lodwar. Erupe alimpigia Baba, hapatikani. Unamjua mzee, simu yake huizima ili chaji ikae wiki. Lakini Erupe akaona mtu amekufa na simu yake, akatutumia ule ujumbe. Asubuhi akakodi pikapu, akapakia mabeli ya pakiti za unga, sukari na majani ya chai, na wazee wa kanisa nyuma.

Mimi nikashuka kutoka Lokichoggio nikakuta uwanja wangu umejaa watu. Mama yuko juu ya ngozi, kichwa chini, macho yamevimba. Nililia na mimi, Christine, nililia sana. Baba ni Baba. Halafu nikauliza jambo ambalo kila aliyefiwa huuliza, alikufa kwa nini na nani alileta habari.

Walitazamana. Huyu akamwonyesha yule, yule akamwonyesha Akaale.

"Mimi sikuambiwa na mtu," Akaale akasema. "Mimi niliona shingo ya mama yako."

Mama akainua kichwa. "Shingo yangu? Si wewe ndio ulikuja na kilio?"

"Nilikuja na kilio kwa sababu wewe ulivua shanga!"

Mama akapeleka mkono shingoni polepole. Akakiangalia kikapu chake. Hapo hapo pikapu ikaingia, Erupe akashuka akilia kwa sauti ya kiume, amevaa suti katika joto hili, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia.

Cheruiyot ndiye aliyekuwa na akili. Alimpigia mwenye duka mmoja wa Kaikor anayemfahamu, akaiweka simu kwa sauti kubwa. Mwenye duka akasema mzee Ebenyo yuko hapa hapa, tangu asubuhi watu wanamwangalia kwa uoga na yeye hajui kwa nini. Akampa simu.

"Baba, uko hai?" nikauliza, kama mjinga.

"Mimi niko hai," akasema Baba. "Kwani nyinyi mlikuwa mnataka nini?"

Mama alicheka na kulia kwa pamoja. Watu wakaanza kucheka, wakajizuia, wakacheka tena. Aliyeshindwa kucheka ni Erupe. Mtu amekopa suti, ameomba ruhusa kazini, amewaleta wazee wa kanisa kumzika baba anayekunywa chai. Aibu ilipomzidi ikageuka ghadhabu, akasimama mbele ya umati wote.

"Mnaona sasa? Mama amekuwa mtoto! Amevunjika mkono, na huyu Abigael anamchezesha na vyuma na watu wa kambi mpaka anatuua sisi na mshtuko. Pasaka ni wiki hii. Mama anapanda hii gari na mimi leo. Na mbuzi nimeshapata mnunuzi."

Kesi aliishinda papo hapo, maana kila mtu aliona kosa lilikuwa letu. Wazee wa kanisa wakatikisa vichwa kwamba ni kweli, mama apumzike.

Mama ndiye aliyeinuka. Aliinuka kutoka chini kwenye ngozi bila kushika mtu wala ukuta. Dereva alikuwa ameshashusha mabeli manne ya unga, yako mchangani, na vijana wanabishana kama yarudishwe dukani au yaingizwe ndani. Mama akawapita. Akasimama karibu na beli la kwanza, miguu sawa na mabega, akarudisha makalio nyuma, mgongo umenyooka, akalikumbatia. Erupe akakimbia amzuie.

"Usiguse yeye!" Sauti ilitoka getini. Ni Nyaluak, aliyekuwa amesikia msiba akaja na wanawake wake wote. "Mama, macho mbele! Pumua! Yalla!"

Beli lilitoka chini, likafika mapajani, likapanda kifuani, likaketi begani. Kilo ishirini na nne za unga, na Mama mzima chini yake, anatembea kuelekea jikoni kwangu kwa hatua za mtu asiye na haraka. Akatua, akarudi. Akachukua la pili. Alipolishika la tatu, Akaale yule yule alipiga kigelegele, na wanawake wote wakampokea, waliokuja kulia na waliokuja na Nyaluak, mpaka watu wakatoka madukani kuja kuona ni msiba gani wenye vigelegele.

Beli la nne Erupe alilikimbilia mwenyewe, nadhani kuonyesha kwamba si kazi ya ajabu. Aliinama kwa mgongo, miguu imenyooka kama vijiti, akavuta. Ikasikika "aah!" na kaka yetu akabaki hapo hapo ameinama, hawezi kwenda mbele wala nyuma. Wazee wa kanisa ilibidi wamshike mikono. Mama alisubiri wamwondoe, akampapasa kichwa kama alivyotupapasa sote tulipokuwa wadogo, akalichukua beli lake.

Simu ilikuwa bado mkononi mwa Cheruiyot, na Baba huko Kaikor alikuwa akiuliza kelele ni za nini. Nikamweleza yote. Kisha akasema, na wote walisikia:

"Erupe. Mimi nilikufa jana, leo nimefufuka, sasa sikia neno yangu. Mbuzi za Nakuleu, mama yenu, ni za Nakuleu. Boma ni yake. Mtu asiguse."

Mimi niliruka, Christine. Mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mama wa watoto wanne, niliruka na kupiga kelele kama msichana aliyefaulu mtihani. Tulikipika chakula chote cha matanga, tukala na kunywa chai mpaka jioni kwa heshima ya marehemu aliye hai. Akaale mwenyewe alileta mafuta na kumvisha Mama shanga zake moja moja, akimwomba msamaha kila anapofunga. Tangu siku hiyo Mama anazivua na kuzivaa humo humo ndani ya kibanda cha Nyaluak, na nje hatoki bila shanga.

Usimdhanie Erupe vibaya. Alikuwa anaogopa kumzika Mama, na hofu ya mtoto kwa mama yake huja na amri. Alilala kwangu siku tatu juu ya mkeka, na Mama ndiye aliyemfundisha kukaa na kuinuka. Erupe mwenyewe alimpigia simu mnunuzi wa mbuzi akamwambia biashara hakuna. Wifi Sylvia ananinong'oneza kwamba siku hizi mumewe anajifungia chumbani na jerikeni mbili za maji, na sauti za kupumua zinasikika. Hili usimwambie nimekwambia.

Mama alirudi Kaaleng mwezi uliopita, mvua ilipokuwa imeshalainisha ardhi. Nilimsindikiza. Boma lilikuwa limechakaa na nyumba imeinama. Nilijitolea kutafuta watu wa kujenga, akaniangalia nikaenda kuchukua kamba. Alikata fito mwenyewe, akazichimbia, akazikunja na kuzifunga juu, mimi nampa kamba tu. Siku nyumba iliposimama aliingia ndani akakaa peke yake kitambo kirefu. Nilimsikia anaimba. Mbuzi nao walimtambua, walimzunguka na kumsukuma, naye hakuyumba.

Na unajua ametundika nini nje ya boma? Ufito mnene wenye jerikeni mbili za mchanga kwenye ncha. Wanawake wa Kaaleng walikuja kucheka kama yeye alivyokuja kunicheka mimi. Sasa asubuhi wanapanga mstari, na Mama anawapigia kelele "macho mbele, pumua!" kwa sauti ya Nyaluak kabisa. Jerotich alimpima kabla hajaondoka akasema presha imetulia, ila aendelee kufika kliniki ya huko, maana vyuma si hirizi.

Wewe sasa usiache kusoma ukakimbilia kubeba gunia. Katika hali yako muulize kwanza nesi wa huko nini kinafaa. Tembea, kaa na kuinuka kama anakuruhusu, mengine yangoje ujifungue na mwili urudi. Halafu anza na kidogo, na usione haya. Usingoje uvunjike kitu ndipo ujenge mifupa. Mimi nasikitikia ile miaka mitano tu niliyoinama juu ya cherehani nikidhani kuumwa kiuno ndiyo sehemu ya kuwa mwanamke.

Mama anakusalimu sana. Nilipomwambia nakuandikia, alinipa maneno haya nisiyaongeze wala kuyapunguza: "Mwambie Christine, akijifungua nitakuja Voi. Sitaki kupokewa na kiti. Nitambeba mtoto mgongoni na yeye nitambebea maji aoge. Nikishamwona amesimama vizuri kwa miguu yake, ndipo nitarudi kwa mbuzi wangu, na mtu asijaribu kunizuia, kwa maana nitambeba nimweke pembeni."

Basi andaa maji na uandae mlango, mgeni wako hana haja ya kushikwa mkono.

Msalimie shemeji Mwakio, umbusu Cornelius mashavu yote mawili. Cheruiyot na watoto wanakusalimu, Akaale pia, na Nyaluak anasema anakungoja. Mungu wa mama yetu akufungue salama, akupe mtoto mwenye sauti, na mgongo wa kumbeba kwa miaka mingi.

Ni mimi dada yako akupendaye, niliyesimama wima,

Abigael